Safu ya Kwa Nini

Nabonyeza kitufe saa kumi na mbili na robo.
Taa ya kijani inakonyeza, feni inakohoa,
kisha kile kiduara kinaanza kuzunguka
kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Kalunde anabandika maji ya chai.
Maji yanachemka. Kiduara kinazunguka.
Anatia majani, anatia tangawizi, anaepua, anamimina,
napuliza, nanywa nusu kikombe,
ndipo sura ya mjukuu wetu inapojitokeza kiooni,
na ole wako uguse kipanya: inaganda.

Naandika kwenye daftari, ni mazoea tu.
Jumatatu, dakika kumi na moja.
Jumanne, kumi na moja na nusu.
Jumatano umeme ulikatika, sikuhesabu.
Miaka thelathini na moja niliandika hivyo
stesheni ya Tabora: imeingia saa ngapi,
imetoka saa ngapi, imechelewa kwa nini.
Safu ya kwa nini ndiyo iliyoninyima usingizi.

Jirani yangu Kasanda: "Ina virusi hiyo, ichome moto."
Mwanangu, kwa simu kutoka Mpanda: "Izime, baba, uiwashe tena."
Nikamwambia kuwasha ndio ugonjwa wenyewe.
Shemeji akaleta subira yake, ile ya kuvuta heri.
Yangu, shemeji, imevuta vumbi.

Nikamwita Nyanzala, binti wa fundi redio wa Ng'ambo.
Akaja na bisibisi na mswaki mkuukuu,
akaifungua ubavu, akasugua:
vumbi jekundu la Cheyo, mabawa ya kumbikumbi,
nyuki mmoja mkavu, miguu juu.
"Feni itashukuru," akasema, "lakini tatizo si hapa."
Akafunika, akawasha, akangoja pamoja nasi.
Vikombe vikawa vitatu.

Kisha akanifungulia orodha.
Kumbe kila asubuhi, kabla sijapewa nafasi,
wameshaamka ishirini na watatu:
mchezo wa karata, kipiga muziki,
mtabiri wa mvua wa mji nisioujua,
walinzi wawili wa virusi wasiopatana,
kila mmoja anampekua mwenzake mifukoni.
"Nani kawaalika hawa?"
"Wewe. Kila ilipokuuliza ulijibu ndiyo."
Ni kweli. Sikuwa nasoma. Nilidhani ni adabu.

Na chini kabisa, aliyekula dakika nne peke yake:
printa.
"Iko wapi hiyo printa?"
Kalunde akatazama ndani ya kikombe.
Tuliiuza mwaka juzi kwa mwenye duka la fotokopi,
ada ya muhula wa pili ilikuwa imetufika shingoni.
Tuliiuza, na hakuna aliyeiambia kompyuta.
Kila kukicha inaiita kwa jina, inangoja,
inaita tena,
inangoja.

Hapo nikakumbuka usiku mmoja wa masika
nilipoizuia treni ya mizigo kwenye reli ya pembeni
dakika arobaini, ingoje kupishana na inayotoka Kaliua.
Ya Kaliua ilikuwa imefutwa tangu jana yake,
barua imelala mfukoni mwa mtu aliyekwenda msibani.
Dereva alinitukana kwa Kinyamwezi safi.
Nilisimama na taa yangu mkononi, sikuwa na la kujibu.

Nyanzala akawazima mmoja mmoja.
Printa akaifuta; Kalunde akasema, "Haya."
Mlinzi mmoja akabakizwa, yule mwenye kelele kidogo.
"Diski nayo imechoka. Nunua ile isiyozunguka."
"Pensheni ikitoka."
"Itatoka lini?"
Nikacheka. Hiyo nayo ina daftari lake.

Leo nimebonyeza kitufe,
mjukuu akatokea kabla birika halijaanza kuimba.
Tumebaki tumekaa, mimi na Kalunde, mikono mapajani,
kama abiria walioshushwa kabla ya saa yao,
mizigo miguuni,
na aliyeahidi kuwapokea bado anafunga viatu.